Ukoga Wote Uko Kaskazini

Jumatatu, tarehe 7 oktobre 1957

Naanza kitabu hiki leo. Mutu mwenye maadui lazima aweke ushahidi.

Mambo yako hivi. Monsieur Pirotte, muzungu wa mimea, ametuchukua watu wawili kwa majaribio ya juma moja: mimi, Floribert Bulonza, na mutu mumoja anaitwa Donatien, wa kutoka Mwenga. Juma likiisha, mumoja wetu anakuwa kalani wa kudumu. Kalani wa kudumu anapewa nyumba ya matofali kule Bagira, upande wa Kasha. Mumoja. Si wawili.

Nyumba hiyo ni yangu. Hapa Kadutu ninapolala, bati limetoboka kama chujio. Mutoto wetu Sophie alikohoa mwezi muzima, mpaka bibi yangu Euphrasie akamubeba mugongoni akarudi kwa wazazi wake Katana, karibu na hospitali. Alisema atarudi siku nitakapopata nyumba ambamo mvua inanyesha inje tu. Hakugombana. Angegombana ningejua la kujibu. Leo ni juma la tano ninapika bugali mwenyewe, na inatoka na mabonge.

Kazi yenyewe: tunapanda pori ya Kahuzi kutafuta mousse na lichen. Mousse ni ule ukoga wa kijani unaoota juu ya miti. Lichen ni yale magamba meupe, na ndevu zinazoninginia kwenye matawi. Sisi tunavipangusa. Muzungu amevuka bahari kuja kuviangalia. Nani anaamini? Mimi nasema iko anatafuta zahabu, na ukoga ni kifuniko. Nitamuchunguza polepole.

Saa ya kula Donatien alinigawia nusu ya kiazi chake. Sikumuomba. Nilikipasua kwanza nione ndani. Kilikuwa kiazi tu. Lakini ndivyo wanavyoanza.

Jumanne, tarehe 8 oktobre

Porini. Kambi iko chini kidogo ya mianzi. Baridi ya kukata masikio.

Kazi iko na utaratibu. Ukikuta ukoga, unakwangua kidogo, unautia katika bahasha ya karatasi, unaandika juu yake namba, habari za mahali na jina lako. Namba na habari zile zile unaziandika katika kaye, yaani daftari: urefu wa mulima, muti gani, umbali kutoka chini, kivuli au jua, majimaji au kavu, na mwisho, upande gani wa muti. Bila habari hizo, Monsieur anasema, ukoga ni takataka tu. Kila mutu na kaye yake. Mwandiko wangu ni muzuri kabisa. Wa Donatien unaonekana kama kuku amepita na matope.

Shida ni hiyo ya upande. Kujua upande kunahitaji busole, kile chombo cha mushale unaoonyesha kaskazini, na busole iko moja. Amepewa nani? Donatien. Eti alifika ofisini siku tatu mbele yangu. Inakaa katika mufuko wa ngozi kiunoni mwake, anaisoma humo humo bila kuitoa. Alinikaribia akasema: ndugu, ukitaka kujua kaskazini uniulize tu, wakati wote. Nilimushukuru. Kumuuliza, mimi? Leo nitamuuliza kaskazini, kesho ataniambia mimi niko chini yake.

Kumbe mimi nilisoma kwa Mafrere, watawa wa misioni. Darasa la ine, kitabu cha kusoma kilichotoka Ulaya, ukurasa wenye picha ya mutoto muzungu amepotea porini. Kilisema wazi: ukoga unaota upande wa kaskazini wa miti. Basi busole ya nini? Pale ukoga ulipo, ndipo kaskazini.

Bahasha kumi na sita leo. Zote kaskazini. Kazi safi, haina hata kosa moja.

Muzee Mushagalusa, mwenye kutuongoza, alichungulia akaniuliza nimeandika nini. Nikamusomea. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikupenda kicheko kile. Hajui kusoma, anacheka nini?

Jumatano, tarehe 9 oktobre

Mvua tangu asubuhi. Bahasha zingine zimeharibika, ya namba 31 imepasuka pembeni na ukoga umemwagika. Niliiandikia nyingine. Ile mbovu niliiweka mufukoni. Mimi situpi karatasi.

Donatien aliomba kuona kaye yangu, eti apende mwandiko. Nilimwambia mwandiko haupendwi wakati wa mvua. Tangu hapo naitembeza ndani ya shimizi yangu ya vifungo, juu ya tumbo. Usalama kwanza.

Jioni kidogo nikaenda kuoga mutoni. Kumbe kalamu hizi za kuchonga za Monsieur zikilowa zinatoa wino wa zambarau, na jasho limehamisha kurasa mbili nzima juu ya tumbo langu, maandishi yamegeuka kinyume. Muzee Mushagalusa alinikuta. Aliangalia tumbo, akaangalia pembeni, akaniuliza kwa upole ni muganga wa wapi alinichora. Nikamwambia ni kazi ya Monsieur. Naona hilo limemutisha zaidi.

Nilijisugua na muchanga. Haitoki.

Halafu jambo lingine. Muzee huyu anamujua kila muti. Monsieur akiuliza muti namba 23, ule wa bahasha yangu ya 23, muzee anakwenda moja kwa moja kama anakwenda kwake. Haandiki, hana busole, hana kaye. Mutu anayejua pori namna hiyo anaficha kitu.

Alhamisi, tarehe 10 oktobre

Siku kubwa!

Tumerudi Bukavu kwa kamionete. Mchana Monsieur alisoma kaye zetu ofisini, sisi tumesimama mbele yake. Ya Donatien aliisoma akitikisa kichwa tu. Upande wa mashariki, magharibi, kusini, chini ya tawi, kila pahali. Fujo. Halafu akafungua yangu. Akasoma. Akarudi nyuma. Akasoma tena na kidole. Akavua lunettes za macho, akazipangusa, akasoma mara ya tatu. Bahasha arobaini na saba, kaskazini arobaini na saba.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Monsieur, hakika kama jina langu. Akasema hapa karibu na ikweta jambo kama hili halijaonekana, kwamba ni la ajabu sana, na kwamba kabla ya kuliandikia profesa mumoja Ubelgiji lazima turudi Jumamosi kuhakikisha. Akaandika jina langu pembeni ya karatasi yake. Jina langu, si la Donatien.

Inje, Donatien akanishika bega akasema: Floribert, ndugu yangu, wewe ulipima na nini? Aliuliza pole pole, na sura ya kusikitika. Sura ile ya mutu anayeona nyumba ya Bagira inamutoroka. Nikamujibu kwamba kila fundi ana siri yake.

Nimemwandikia Euphrasie barua, imeondoka na shofere wa kamyo ya Katana. Kaka yake katekista atamusomea. Nimemwambia nyumba iko karibu kabisa, aanze kufunga sufuria. Nimechora mulango na madirisha mawili chini ya barua, ili aone.

Kitu kimoja kinanisumbua. Jumamosi Donatien atakuja na busole yake. Kama busole itasema mambo mengine kuliko ukoga, Monsieur atamwamini nani? Wazungu wanaamini vyuma. Na Donatien, mutu anayegawa viazi vyake bure, anaweza kufanya busole iseme anachotaka.

Lazima nimutangulie.

Ijumaa, tarehe 11 oktobre

Siku ya kwanza kabisa Monsieur alitukataza kusogeza panga karibu na busole. Alisema chuma kinadanganya mushale wake. Alisema kwa ajili ya kutulinda. Mimi nilisikiliza kwa ajili yangu.

Nilikwenda soko ya Nyawera. Nikanunua musumari mumoja, ule mukubwa wa kufungia boriti. Muuzaji akaniuliza nataka kujenga nini na musumari mumoja. Sikumujibu. Watu wa Nyawera wanauliza sana, sijui wanamupelekea nani habari.

Musumari ukiwa wazi utagongagonga ndani ya mufuko wa busole na kusikika. Nikaufunga vizuri katika karatasi laini niliyoikuta mufukoni. Ulikaa kimya kabisa. Saa sita, ofisini, Donatien alikwenda kununua kikwanga cha muhogo, mufuko wa busole ameuacha juu ya meza. Aliuacha wazi, mbele yangu, kama hanishuku. Hilo lenyewe linatia mashaka. Nikausukuma musumari chini kabisa, nyuma ya kitambaa cha ndani ya mufuko, nikakaa kwenye kiti changu, nikachonga kalamu.

Aliporudi alinikatia nusu ya kikwanga. Nilikila. Roho iliniuma kidogo, nakiri. Halafu nikamukumbuka Sophie anavyokohoa, kifua kinapiga mluzi. Roho ikanyamaza.

Jumamosi, tarehe 12 oktobre

Naandika nikiwa na matope kwenye masikio.

Saa moja ya asubuhi tuliingia porini. Ukungu kama maziwa. Monsieur akasema leo hatutaki njia ya muzee inayozungukazunguka, leo ni kazi ya akili: tutafuata busole, laini moja, mpaka muti namba 23. Donatien mbele, Monsieur nyuma yake, mimi, halafu Muzee Mushagalusa.

Baada ya nusu saa muzee alisema tunapotea. Monsieur akasema busole haipotei. Baada ya saa moja muzee alisema tena. Busole haipotei. Mara ya tatu hakusema, alinigusa mugongo tu akaniangalia. Mimi nilijua. Nilijua kuliko wote! Lakini ningesema nini? Nilitembea kimya kama mutu anayejipeleka mwenyewe gerezani.

Tukafika kwenye kamuto, kijito chembamba. Monsieur akafurahi, kamuto kapya. Kando yake kulikuwa na kipande cha sigara yake mwenyewe, bado kinatoa moshi. Tukageuka, tukafuata busole tena. Mianzi. Mavi ya tembo, mabichi. Hapo Donatien alisimama, uso umemukauka, akasema Monsieur, mushale huu haunipendezi leo. Monsieur akapiga hatua mbele kuja kuuona, akazama katika tope mpaka kiuno. Kumutoa kulituchukua muda murefu, na kiatu kimoja kimebaki chini.

Ndipo muzee akapita mbele bila kuomba ruhusa. Aliangalia huku, akagusa muti fulani, akashuka. Dakika ishirini tu, muti namba 23 ulikuwa mbele yetu. Na jua likatoka.

Monsieur, mguu mumoja na kiatu na mwingine na soksi, aliniambia: Floribert, nionyeshe kaskazini. Sikusita. Nikanyosha kidole penye ukoga. Akauliza ninajuaje. Nikamwambia kwa heshima habari ya kitabu cha Mafrere.

Muzee Mushagalusa akaanza kuuzunguka muti pole pole, akipapasa kwa mukono. Ukoga ulikuwa umeuzunguka wote, kutoka mizizi mpaka juu. Akasema: basi kaskazini iko hapa. Na hapa. Na hapa iko ingine. Mutoto yangu, hii muti iko na kaskazini mingi sana.

Monsieur hakucheka. Alimuomba Donatien kaskazini yake. Donatien akaangalia busole, akaonyesha. Monsieur akaangalia jua, akaangalia kivuli chake mwenyewe, akasema hata hiyo si kaskazini, hiyo ni kwenda Shabunda, kule magharibi. Akachukua busole, akautikisa mufuko wake. Ukawa muzito mukononi mwake. Akaingiza vidole, akavuta.

Bahasha namba 31. Ile mbovu. Na juu yake, kwa mwandiko ule muzuri wa zambarau ambao Kadutu nzima hakuna mwingine anao: Kahuzi, metre 2.350. Ngozi ya muti. Kivuli. Majimaji. Upande: kaskazini. F. Bulonza.

Monsieur aliisoma yote, kwa sauti, kama habari za mahali. Halafu akaifungua na musumari ukaanguka juu ya soksi yake.

Hakunitukana. Alinirudishia musumari mukononi akasema tushuke. Njia nzima nilimufuata muzee. Hakuna aliyenisemesha, isipokuwa Donatien aliponiambia niangalie, hapa kunateleza.

Jumapili, tarehe 13 oktobre

Baada ya misa nilirudi chumbani nikakuta mulango uko wazi. Nikafikiri mwizi. Alikuwa Euphrasie.

Sophie kwenye mugongo, ananenepa, Mungu asifiwe. Sufuria tano zimefungwa ndani ya kitambaa, na ile barua yangu katikati yake ili isikunjike. Alikuwa amevaa pagne, kitenge chake cha harusi. Akaniuliza: Papa Sophie, tunahama lini?

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia wakati mvua iliponyesha. Tone la kwanza likaangukia juu ya kitanda. La pili juu ya kichwa cha Sophie, naye akakohoa. Mara moja tu, lakini mimi nilikisikia kikohozi kile mpaka ndani ya mifupa. Euphrasie alinitazama usoni kwa muda. Akaelewa yote, sikuwa na haja ya kusema. Akafungua kitambaa chake pole pole, akatoa sufuria moja moja, akazipanga chini ya matundu. Tano, zote zilipata kazi. Nilitaka kulia. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Wakati huo Donatien akabisha hodi, kofia inachuruzika.

Nafasi amepewa yeye. Alisema hivyo haraka, kama mutu anayeomba musamaha. Akasema alimuomba Monsieur asinifukuze, kwa sababu bahasha zinahitaji mutu wa kuandika na yeye mwandiko wake ni aibu. Monsieur alikataa mara mbili, mara ya tatu alikubali: niandike bahasha, nisiguse kitu kingine chochote. Muzee Mushagalusa ataitwa kila safari, na maneno yake yataandikwa. Halafu Donatien akaangalia sufuria, akamwangalia Sophie, akasema nyumba ya Bagira iko na vyumba viwili, na yeye yuko peke yake, bibi yake amebaki Mwenga mpaka mavuno. Tuje.

Mimi nilifungua kinywa kusema tutafikiri. Euphrasie alikuwa tayari anamwaga maji ya sufuria inje.

Jumatano, tarehe 16 oktobre

Bagira. Mvua ilinyesha jana na leo. Ilinyesha inje tu. Sophie amelala bila kukohoa, na Euphrasie anaimba akisonga bugali, haina bonge hata moja. Amempakulia Donatien wa kwanza. Nimeliandika hilo.

Sasa nifikiri kwa akili. Mutu unamuharibia busole yake, unamupoteza porini kati ya tembo, na yeye anakupa chumba. Bure. Nani anafanya hivyo? Hakuna. Iko anataka kitu. Nimemuuliza Euphrasie anaonaje. Alisema anaona nikae kimya nile.

Jana nilimukamata. Alisema dirisha la chumba chetu linapata jua kila asubuhi, kwa hiyo liko mashariki. Alisema hivi hivi, kama habari ya kawaida, akipanga viatu. Nikatoka inje nikakagua ukuta. Chini ya dirisha, kwenye tofali la tatu, kuna ukoga. Mudogo, lakini upo. Sikumwambia kitu. Mwache aendelee na mashariki yake.

Kesho anapewa busole mupya. Imetoka Ubelgiji, Monsieur anasema hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza, na itakaa katika mufuko ule ule. Haya, tutaona. Musumari ninao bado. Nimeufunga vizuri katika bahasha safi, na kwa kuwa mimi si mutu wa ovyo, nimeandika juu yake namba, mahali, upande na jina langu lote, usije ukachanganywa na wa mutu mwingine.